Lori Lililostaafu Jeshi: Matengenezo ya M35A2 na Lugha ya Kitabu Chake

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii, ikichunguzwa kwa makini, ina huruma: anayechelewa hupewa nafasi ya pili, hata kama nafasi yenyewe ni ya gharama. Dereva wa lori la tani sita anayeteremka mlima huku breki zimeisha hana ukuta wa kujenga. Kwa sababu hiyo, watu wanaoyamiliki malori makuukuu ya kijeshi huziba nyufa mapema. Aidha, vitabu vya maelekezo vilivyoandikiwa malori hayo vina sajili ya kipekee ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuitupia jicho, kwani ndani yake neno moja likikosewa, mtu hupoteza kidole, jicho au uhai.

Makala haya yanalimulika lori moja tu, yaani M35A2 la Marekani. Kampuni ya REO ndiyo iliyoanza kuyaunda malori ya ukoo wa M35 mwaka 1950, na baadaye kampuni nyingine, zikiwemo Kaiser Jeep na AM General, zikaendeleza kazi hiyo. Lori lenyewe lina ekseli tatu, zote zikiweza kusukumwa na injini, na tairi kumi. Askari walilipa jina la utani linalotokana na uzito wa mzigo wake, tani mbili unusu, japo kipimo hicho ni cha safari za porini. Kwenye barabara nzuri huruhusiwa kubeba takriban maradufu. Lilitumika sana katika vita vya Vietnam. Jeshi lilipopata magari mapya, malori haya yaliuzwa kwa mnada au kugawiwa taasisi za kiraia, na leo yanaonekana kwa wakulima, kwa vikosi vya zimamoto vya vijijini na kwa wapenzi wa historia. Anayedhani kwamba amenunua gari la kifahari hujuta upesi. Lina kelele, usukani wake ni mzito kama jiwe la kusagia, na mwendo wake haupiti kilomita 90 hivi kwa saa.

Sifa kuu ya M35A2 ni injini yake. Ina silinda sita zenye ujazo wa jumla wa lita 7.8, na iliundwa ili iweze kutumia mafuta ya aina mbalimbali: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege na, pakiwa na dharura, hata petroli. Katika injini nyingi za dizeli, nozeli hunyunyiza mafuta yakawa ukungu ndani ya hewa iliyopashwa moto kwa kushindiliwa. Injini hii inafuata mbinu ya kampuni ya MAN ya Ujerumani. Sehemu kubwa ya mafuta hutandazwa kama utando mwembamba kwenye ukuta wa kijibakuli kilichochongwa kichwani mwa pistoni. Hewa inayozunguka kwa kasi huuvukiza utando huo kidogo kidogo, na mvuke huwaka kwa utaratibu badala ya kulipuka kwa pamoja. Ili hata mafuta yasiyowaka kwa urahisi yashike moto, hewa hushindiliwa hadi ujazo wake ubaki takriban sehemu moja kati ya ishirini na mbili.

Sifa hiyo imewaponza wengi. Wapo wanaoamini kwamba injini inayomeza kila kitu haiwezi kudhurika, basi humimina ndani ya tangi oili chafu iliyomwagwa kutoka magari mengine au mafuta ya kukaangia chipsi. Injini inaweza kuyachoma, naam, lakini pampu ya kusukuma mafuta haina uvumilivu huo. Vyuma vyake vinashikana kwa nafasi ndogo mno na vinalainishwa na mafuta yayo hayo yanayopita. Petroli ni nyepesi, hailainishi vya kutosha. Oili chafu hubeba chembe za chuma zinazokwaruza. Maji huleta kutu. Kwa hiyo lori limewekewa vichujio vya mafuta kimoja baada ya kingine, na kazi ya kwanza ya mmiliki ni kuyatoa maji yaliyotuama chini ya vichujio hivyo kabla ya safari. Ni kazi ya dakika chache inayookoa pampu ambayo vipuri vyake sasa ni adimu.

Kuhusu umeme hapana mengi. Mfumo ni wa volti 24, unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Kosa la kawaida ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja ili kuendeshea redio. Betri hiyo hupungua nguvu ilhali mwenzake anajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili hufa.

Breki ndizo zinazostahili kuzungumziwa kwa kituo. Dereva akikanyaga pedali, silinda kuu husukuma mafuta ya breki. Mafuta hayo hufungua vali ya kifaa cha kuongeza nguvu kilicho chini ya lori. Hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi huingia, ikasukuma pistoni kubwa, nayo ikaongeza msukumo wa mafuta yanayokwenda kwenye dramu sita za magurudumu. Hewa ni msaidizi tu. Mtendaji ni mafuta. Hewa ikiisha, pedali huwa ngumu lakini mguu wenye nguvu bado unaweza kupunguza mwendo. Tatizo ni kwamba mafuta hayo yamo katika mkondo mmoja. Magari ya kisasa hugawa breki katika mikondo miwili, ili mmoja ukipasuka mwingine ubaki. Katika M35A2, mpira mmoja ukipasuka, au bomba moja likitobolewa na kutu, magurudumu yote hukosa breki kwa mpigo, hata kama geji ya hewa inaonyesha mitungi imejaa. Breki ya mkono nayo hubana dramu iliyo kwenye shafti inayozungusha ekseli. Iliwekwa ili kulishikilia lori lililokwisha kusimama, si kulisimamisha lililo mbioni.

Mmiliki mwangalifu basi hubadilisha mipira ya breki kwa kufuata umri wake, haingoji ichanike. Huchunguza mabomba ya chuma kwa urefu wake wote, hasa pale yanapogusana na fremu. Huwa mwangalifu pia kuhusu aina ya mafuta ya breki. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani liliyahamishia magari yake kwenye mafuta ya silikoni. Hayo hayafyonzi maji, tofauti na mafuta ya kawaida ya breki, na hayapaswi kuchanganywa nayo. Hata hivyo, maji yakipenya humo hayatawanyiki; hutuama mahali pa chini kabisa na kula chuma papo hapo. Kwa hiyo kutofyonza maji si ruhusa ya kusahau kuyabadilisha.

Hapa ndipo kitabu cha maelekezo kinapoingia. Mwandishi wake alijua kwamba msomaji ni kijana wa miaka kumi na tisa, aliyechoka, pengine anayesoma kwa tochi mvunguni mwa lori. Hakumwambia achunguze kama lori linavuja, kwani kila lori kuukuu linavuja. Alimpa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni unyevu au mabadiliko ya rangi yasiyofikia kuunda tone. La pili ni tone lililoundika lakini ambalo halidondoki wakati wa ukaguzi. La tatu ni tone linalodondoka. Oili ya giaboksi ikiwa katika daraja la kwanza, safari huendelea. Mafuta ya breki hayapewi msamaha huo.

Katika gereji nyingi za Kenya, hali zote tatu hufumbatwa katika neno moja, “inavuja”, au “inaliki” kwa walioharakishwa na maisha. Si kwamba Kiswahili ni fukara. Chuma kinachotokwa na unyevu bila tone kinarishai. Tone linapojiunda na kuning'inia, mafuta yanatunga tone. Likianguka, yanadondoka, yakifululiza, yanachuruzika. Vitenzi hivi vimo katika kamusi na katika vinywa vya wazee, ila havijapewa kazi gerejini. Fundi anayeambiwa kwa simu kwamba silinda kuu “inavuja” hawezi kujua iwapo amruhusu dereva kufika nyumbani. Anayeambiwa kwamba “inarishai” au “inachuruzika” anaweza kuamua.

Vivyo hivyo kwa maonyo. Vitabu vya jeshi la Marekani vina vichwa vitatu vya kumsimamisha msomaji: cha kwanza hutangulia jambo linaloweza kujeruhi au kuua mtu, cha pili jambo linaloweza kuharibu chombo, na cha tatu jambo la kukumbukwa tu. Kiswahili kina “onyo”, “tahadhari” na “zingatia”, lakini katika maandishi mengi ya bidhaa mawili ya kwanza hutumiwa kwa kubadilishana, kama kwamba kuunguza klachi na kuunguza uso ni jambo moja. Wafasiri wana wajibu wa kuyatenga.

Inafaa kutajwa kwamba hata jeshi lilitambua kuwa kitabu rasmi hakisomwi kwa hiari. Mwaka 1951 lilianzisha jarida la matengenezo lililoitwa PS, jina linalorejelea maneno yanayoongezwa chini ya barua baada ya sahihi, kwa maana kwamba jarida lilikuwa nyongeza ya vitabu. Mchoraji mashuhuri wa vibonzo, Will Eisner, alilihudumia kwa takriban miaka ishirini. Humo, grisi na vichujio vilielezwa kwa katuni, mzaha na lugha ya askari wa kawaida. Ni fasihi ya aina yake, ingawa wahakiki wachache wangekubali kuiita hivyo.

Palipo na kichwa cha kwanza, kile cha kuua, ndipo tairi zinapopatikana. Rimu za M35A2 si za kipande kimoja. Tairi hushikiliwa na pete ya chuma, ile ambayo waziba panchari wa barabara kuu za Kenya huiita ringi. Pete isipokaa sawasawa, au ikiwa imeliwa na kutu, upepo unapojazwa inaweza kuruka kwa nguvu ya kuvunja fuvu. Kwa hiyo upepo wote hutolewa kwanza, na ulimi wa vali kuondolewa, kabla ya kuigusa pete. Wakati wa kujaza, gurudumu huwekwa ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo huwa mrefu, na fundi husimama pembeni, kamwe si mbele ya pete. Nchini Marekani kanuni za usalama kazini zinawashurutisha waajiri kufuata utaratibu huu. Fundi wa kandokando ya barabara, anayejaza upepo huku amekalia gurudumu lenyewe, hajasomewa kanuni hizo kwa lugha yoyote.

Safari inapoisha, injini yenye turbo haizimwi mara moja. Huachwa ingurume polepole kwa dakika chache ili oili iendelee kuipoza turbo, kisha dereva huvuta kitasa cha kukata mafuta, nayo ikanyamaza. Kabari huwekwa magurudumuni. Mwisho, vali za chini ya mitungi ya hewa hufunguliwa, hewa ikatoka kwa mlio mkali ikiandamana na maji yenye rangi ya kutu. Dereva husubiri hadi maji yakome, halafu huinama mara moja zaidi kuutazama upande wa ndani wa kila gurudumu, kama umekauka, unarishai, au umeanza kutunga tone.