Mtoto ana kidonda kidoleni? Angalia mdomo wa mbuzi

KATIKA familia nyingi zinazofuga mbuzi na kondoo, kazi ya kuwatunza wadogo wa kundi huwaangukia watoto. Wao ndio huwabeba wanambuzi, huwapa maziwa kwa chupa mama yao akifa au akikataa kunyonyesha, na huwapeleka malishoni. Ni malezi mazuri, kwani mtoto hujifunza kuwajibika. Lakini upo ugonjwa mmoja wa ngozi ambao huweza kutoka mdomoni mwa mwanambuzi na kuingia kwenye kidole cha mtoto.

Wataalamu huuita orfu. Husababishwa na virusi vya ukoo mmoja na virusi vya ndui, na huwapata zaidi wanambuzi na wanakondoo.

Dalili kwa mnyama

Vipele huanza pembeni mwa midomo na puani, kisha hupasuka na kufunikwa na vigaga vinene. Wakati mwingine hutokea pia miguuni. Virusi hupenya pale ngozi ilipochubuka, hivyo miiba na majani makavu yanayokwaruza midomo huwafungulia njia.

Mnyama mkubwa kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache. Hatari iko kwa anayenyonya. Mdomo ukiuma, hanyonyi, na njaa huweza kumuua. Akinyonya, huweza kumwambukiza mama yake kwenye chuchu, naye mama kwa maumivu humpiga teke na kumnyima maziwa.

Unavyomfikia mtoto

Mtoto huambukizwa anapogusa vidonda vya mnyama huku mkono wake ukiwa na mchubuko, hata mdogo. Baada ya siku 3 hadi 7 hivi, hutokea uvimbe mwekundu, mara nyingi kwenye kidole au kiganja. Uvimbe hukua, huwa kama lengelenge, hutoa majimaji, kisha hukauka na kufanya kigaga. Wengine hupata homa kidogo au tezi za kwapani huvimba.

Kwa wengi kidonda hupona chenyewe katika wiki 3 hadi 6, na ni nadra sana kumwambukiza mtu mwingine. Watu wazima nao huupata, hasa wanaochinja na kuchuna. Baada ya sikukuu ya Idi ya kuchinja, madaktari wa nchi mbalimbali wamewahi kuona wagonjwa walioambukizwa kwa njia hiyo.

Kosa la kuepuka

Kwa macho, uvimbe huo hufanana na jipu, na wazazi wengi hushawishika kuutumbua. Haifai. Ndani hakuna usaha wa kukamua, na kuukata hufungua njia kwa bakteria. Antibayotiki nazo haziui virusi. Daktari huzitoa pale tu bakteria wanapoingia kwenye kidonda.

Kinachotakiwa ni kukisafisha kwa maji na sabuni, kukifunika kwa kitambaa safi kikavu, na kumpeleka mtoto kituo cha afya. Akifika huko, mzazi aseme wazi kuwa nyumbani kuna mbuzi au kondoo wenye vidonda mdomoni. Taarifa hiyo humsaidia daktari kutofautisha ugonjwa huu na mengine, hasa kimeta, ambacho pia hutoka kwa mifugo, huanza na kidonda mkononi na huhitaji dawa haraka. Mtoto mwenye ukurutu, au ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu, apelekwe mapema zaidi, kwani kwake uvimbe huweza kuwa mkubwa.

Kinga huanzia bandani

Mnyama mwenye vidonda atengwe, naye mtoto asimguse. Kazi ya kumlisha ifanywe na mtu mzima aliyevaa glavu, kisha anawe mikono kwa sabuni. Mwanambuzi asiyeweza kunyonya apewe maziwa kwa chupa, na chupa hiyo isitumike kwa wazima. Wanaokula majani wapewe yaliyo laini.

Vigaga vilivyodondoka vikusanywe na kuchomwa moto. Virusi vilivyomo huweza kuishi kwa miezi mingi mahali pakavu, ndiyo maana ugonjwa hurudi katika banda lilelile. Mnyama mpya aliyenunuliwa mnadani akae peke yake wiki 2 au 3 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Afisa mifugo aitwe mapema. Vidonda vya mdomo vikiambatana na homa kali, kuharisha, na makamasi au machozi mazito, huenda ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Hiyo haimpati binadamu, lakini huweza kumaliza kundi zima.

Mtoto hana haja ya kukatazwa mbuzi. Afundishwe mambo mawili: kunawa kila atokapo bandani, na kusema mapema akiona mnyama ana kidonda mdomoni.