Vinasaba vyaweza kueleza nini kuhusu mababu wa kale?

MTU anayetema mate ndani ya kichupa na kukituma katika maabara ya ng'ambo hupokea, baada ya wiki kadhaa, orodha ya asilimia: kiasi hiki Afrika Mashariki, kiasi kile Uajemi, kiasi kingine Bara Hindi. Siku hizi zipo pia programu za kompyuta zinazodai kwenda mbali zaidi, na kumweleza amerithi kiasi gani kutoka kwa wawindaji, wafugaji na wakulima walioishi maelfu ya miaka iliyopita.

Kwa wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambako swali la nani Mshirazi, nani Mwarabu na nani Mswahili limewahi kuamua hadhi ya mtu na hata siasa za visiwani, asilimia hizo si jambo la mzaha. Inafaa basi kujua zinapatikanaje.

Vinasaba vya binadamu, yaani DNA, ni msururu wa herufi za kikemikali zipatazo bilioni tatu. Watu wawili wowote duniani hulingana kwa takriban asilimia 99.9 ya msururu huo. Maabara nyingi za biashara haziusomi wote. Hukagua nukta laki kadhaa tu ambazo hujulikana kutofautiana baina ya watu.

Nukta moja peke yake haithibitishi kitu. Herufi ileile huweza kupatikana Lamu, Lagos na Lisbon, ila kwa viwango tofauti. Ni jumla ya nukta hizo laki kadhaa ndiyo inayochora picha, na hata hiyo ni makadirio ya kihesabu.

Ili kukadiria asili ya kale, wataalamu huhitaji kulinganisha sampuli ya mtu aliye hai na vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya waliokufa zamani, hasa meno na ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Programu hujaribu kuchanganya makundi hayo ya kale kwa vipimo mbalimbali, hadi mchanganyiko mmoja ukaribiane na sampuli iliyoletwa.

Kazi hiyo yafanana na ya mtu anayeonja pilau na kukadiria viungo vyake kwa kulinganisha na vile vilivyomo katika kabati lake. Kama kabatini mna bizari na mdalasini tu, hata ladha ya hiliki ataigawa baina ya hivyo viwili, na atatoa asilimia zake bila kusita.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa kwa Mwafrika. Joto na unyevu huharibu vinasaba haraka, hivyo sehemu kubwa ya mifupa iliyokwisha kusomwa inatoka Ulaya na maeneo ya baridi ya Asia. Msururu kamili wa kwanza wa mtu wa kale wa Afrika ulitangazwa mwaka 2015 tu, nao ulitoka katika pango la Mota, kwenye nyanda za juu za Ethiopia, kwa mtu aliyeishi miaka ipatayo 4,500 iliyopita.

Hata wanasayansi hao waliteleza. Walidai kuwa asili ya Asia Magharibi ilikuwa imeenea karibu bara zima la Afrika, kisha mwaka 2016 wakalisahihisha dai hilo baada ya kubaini kasoro katika kuoanisha programu mbili za kompyuta. Waliungama hadharani, jambo ambalo si kila mfanyabiashara wa asilimia angelifanya.

Kuhusu mwambao wenyewe, utafiti mkubwa ulichapishwa Machi 2023 katika jarida la Nature. Miongoni mwa walioshiriki ni mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, pamoja na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walichunguza mabaki ya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara kati ya mwaka 1250 na 1800.

Matokeo hayakumpa ushindi kamili mbishani yeyote. Watu wengi wa miji hiyo walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Sehemu nyingine kubwa ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya hiyo ilihusishwa na wanaume wa Uajemi, huku Bara Hindi likichangia kidogo. Mchanganyiko ulianza kufikia takriban mwaka 1000.

Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi yaliyomo katika Historia ya Kilwa, ambayo baadhi ya wasomi waliyaona kuwa ngano za kujikweza, yana chembe ya ukweli. Lakini nadharia ya kikoloni kwamba ustaarabu wa pwani ulijengwa na wageni watupu haikupata nguvu: wageni waliingia katika jamii za Kiafrika, wakaoa humo, na watoto wao wakaendelea kusema lugha ya Kibantu. Asili ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya takriban mwaka 1500.

Je, Mswahili wa leo, awe Mombasa au Muscat, akipima mate yake ataliona hilo? Kwa sehemu tu. Utafiti huohuo unaonyesha kuwa mchanganyiko wa baadaye umewabadilisha watu wa pwani, hivyo si kila Mswahili wa sasa amerithi kwa kiwango kilekile kutoka kwa wenyeji wa miji ile. Isitoshe, kufanana na mtu aliyezikwa Manda si sawa na kuwa mjukuu wake. Huenda wawili hao wana babu mmoja wa mbali zaidi.

Hesabu ya mababu nayo huleta mshangao. Vizazi kumi nyuma, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, lakini vinasaba vya wengi wao havikumfikia kabisa. Mtu aweza kuwa na babu wa Shiraz katika nasaba ya kweli, iliyohifadhiwa na ukoo, na kipimo kisione hata tone.

Kinyume chake, kipimo cha ukoo wa kiume pekee hufuata mstari mmoja: baba, baba wa baba, na kuendelea. Anayeambiwa kwamba mstari huo unatoka Uajemi ameelezwa habari za mmoja tu kati ya mamia ya wahenga wake, na huyo ndiye ambaye mara nyingi hutangazwa barazani.

Lipo pia suala la usiri. Anayetoa mate yake anatoa pia siri za ndugu zake ambao hawakuulizwa. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya Marekani ya 23andMe. Machi 2025 kampuni hiyo iliomba kinga ya kufilisika, na mwanasheria mkuu wa California akawakumbusha wateja kuwa wana haki ya kudai taarifa zao zifutwe na sampuli zao ziteketezwe.