Uchovu usioisha baada ya kuzaa: tezi ya shingo inaweza kuwa chanzo

Mama akijifungua, kila mtu anajua atachoka. Mtoto ananyonya usiku kucha, maji yanangoja kuchotwa, na wengi wanarudi shambani au sokoni mapema. Lakini kuna uchovu ambao haupungui hata mtoto akianza kulala vizuri. Kwa wamama wengine, chanzo ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, inayoitwa tiroidi.

Tezi hiyo inatengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili. Zikipungua, kila kitu kinaenda polepole. Mama anasikia baridi wakati wengine wanasikia joto, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, anasahau haraka, anaongeza uzito, na maziwa yanaweza kupungua. Huzuni inaingia pia. Nyumbani wanamwita mvivu, au wanatafuta nani alimroga.

Wengine walikuwa na ugonjwa huu tangu mbele ya mimba. Kwa wengine, kinga ya mwili inashambulia tezi ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuzaa. Wataalamu wanakadiria kwamba hali hiyo inapata wamama 5 hadi 10 kwa kila 100. Mwanzoni homoni zinaweza kuzidi: moyo unapiga mbio na mikono inatetemeka. Kisha, mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 8, zinapungua. Wengi wanapona kadiri miezi inavyopita, lakini wengine wanabaki na ugonjwa maisha yote.

Kwetu Kivu, magonjwa ya tezi si jambo geni. Katika miaka ya 1960, watafiti kama François Delange na André Ermans walikuta watu wengi wenye shingo iliyovimba kwenye kisiwa cha Idjwi. Sababu ilikuwa ukosefu wa iodi, na mihogo isiyotayarishwa vizuri ilizidisha shida. Ndiyo maana chumvi yenye iodi ni muhimu jikoni. Lakini tusidanganyike: mama anaweza kuwa na tezi dhaifu bila shingo kuvimba hata kidogo.

Anayeonyesha ni kipimo cha damu kinachoitwa TSH. Si kila kituo cha afya kinacho, kwa hiyo muuguzi aulizwe ni hospitali gani inakifanya. Malaria na upungufu wa damu vipimwe pia, kwani navyo vinachokesha. Na mama aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kuzaa, kisha maziwa yakakosa kutoka na hedhi haikurudi, amwambie daktari wazi. Hapo shida inaweza kuwa kwenye tezi nyingine, ndani ya kichwa, na kumpa dawa ya tiroidi peke yake kunaweza kumhatarisha.

Dawa yenyewe ni kidonge cha levotiroksini, ambacho kimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kinamezwa mara moja kwa siku, asubuhi, kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja mbele ya chai au chakula.

Hapo ndipo wamama wengi wanapotezea faida. Baada ya kuzaa wanapewa vidonge vya kuongeza damu, wanavimeza vyote pamoja. Chuma kilicho ndani yake kinazuia levotiroksini kuingia mwilini. Kalisi na dawa za kutuliza kiungulia zinafanya vilevile. Ziachane kwa saa 4. Uji wa masoso nao, kwa sababu ya soya, usinywewe pamoja na kidonge.

Dawa hii haina haraka. Nguvu zinarudi kwa wiki kadhaa, na TSH inapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Anayeacha baada ya siku kumi kwa kuona haijamsaidia, hajaipa nafasi. Kunyonyesha si kizuizi.

Aliyekuwa anaimeza tangu zamani ana jambo lingine la kuangalia. Wakati wa mimba kipimo kinaongezwa. Baada ya kuzaa, mara nyingi kinarudishwa kama zamani. Akibaki na kile kikubwa, moyo unaenda mbio, usingizi unakimbia, na anachoka upya. Kwenye famasi asome namba ya boksi, kwani kidonge cha 25 na cha 100 havilingani.

Asiazime vidonge vya jirani, wala asivitumie kupunguza mwili. Na wewe baba, mama mkwe, au dada, ukiona miezi inapita na mama bado hana nguvu, usimlaumu. Msindikize akapimwe.