Vidole vya Kibarua Si Bei ya Mkate

Wengi wetu hula mkate kila asubuhi bila kujiuliza umepitia mikononi mwa nani. Katika viwanda vya vyakula vya Nairobi, Thika na Mombasa, mikono hiyo mara nyingi ni ya vibarua wa zamu ya usiku, na si yote inayorudi nyumbani ikiwa kamili.

Mashine za viwanda hivi hazina huruma. Ile ya kukandia unga huzungusha chuma kizito ndani ya pipa. Rola za kubapa donge huvuta chochote kinachozigusa, na mashine ya kusaga nyama haibagui nyama na kidole. Hatari huzidi donge linapokwama au mashine inaposafishwa. Kifuniko cha kinga kimeondolewa, umeme haujazimwa, na msimamizi anafoka kwamba magari ya kusambaza mikate yanangoja. Kibarua huingiza mkono. Baadaye huambiwa alikuwa mzembe.

Lawama hiyo haina mashiko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kiwanda kuweka kinga imara kwenye sehemu zote za mashine zilizo hatari. Inamtaka pia aunde kamati ya usalama iwapo ana wafanyakazi 20 au zaidi. Mfanyakazi akimwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo kabla ya hatari hiyo kuondolewa. Basi tuulize: ni nani aliyeondoa kile kifuniko, na ni nani aliyekiona hakipo akanyamaza?

Uovu wa pili hufuata damu ikishakauka. Majeruhi hupewa shilingi elfu chache, hutiishwa sahihi kwenye karatasi asiyoielewa, kisha huambiwa kwamba kibarua hana fidia. Huo ni uongo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ambayo pia ni ya mwaka 2007, inamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima na kugharamia matibabu yao. Kibarua anayefanya kazi ya kiwanda chenyewe hakuachwa nje.

Yafaa kila mfanyakazi ayajue haya. Akiumia, amwarifu mwajiri mara moja, mbele ya shahidi ikiwezekana. Mwajiri naye anapaswa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7. Dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Aliyelemaa kabisa maishani hustahili mapato ya miezi 96, na aliyepoteza sehemu ya uwezo wake hulipwa kwa kadiri ya ulemavu huo. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi, akikadiriwa ulemavu wa asilimia 40, hustahili shilingi 768,000. Linganisha hesabu hiyo na zile elfu chache za kumfunga mdomo!

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, na baadaye aweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mnamo Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba njia ya madai haya huanzia kwa Mkurugenzi. Kwa hivyo ofisi hiyo isipokuwa na wakaguzi wa kutosha, mlango wa haki huwa umefungwa tangu barazani. Serikali ina wajibu wa kuifikisha karibu na viwanda.

Wenye viwanda husema kinga huchelewesha kazi. Huenda ikachelewesha kwa dakika chache. Mkono uliokatika hauoti tena. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Aliyebakiwa na kidole kimoja anaielewa methali hiyo kuliko sisi sote, na watoto wake wanaielewa kila jioni anaporudi mikono mitupu.