Mwanga, Giza na Ukimya: Jinsi Tovuti Inavyopashwa Chaguo la Msomaji

Katika kitabu kilichopigwa chapa, rangi ya ukurasa ni uamuzi wa mchapaji. Msomaji mwenye macho yasiyostahimili mwanga aweza kusogeza taa, lakini hawezi kuugeuza ukurasa mweupe uwe mweusi. Katika kompyuta na simu uwezo huo upo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chaguo la msomaji lilivyopatiwa njia ya kuzifikia tovuti, na kuonyesha kwamba ndani ya ufundi huo mna suala la maana ambalo wanaisimu wamelizoea.

Mnamo Septemba 2018 kampuni ya Apple ilitoa macOS Mojave, mfumo wa kompyuta uliomwezesha mtumiaji kuyageuza madirisha na menyu kuwa ya rangi za giza. Hata hivyo, tovuti iliyofunguliwa ndani ya dirisha hilo jeusi ilibaki nyeupe, kwani haikuwa na njia ya kupata habari za chaguo hilo. Baadhi ya tovuti zilikuwa na kitufe chao cha kubadili rangi, lakini msomaji alilazimika kurudia ombi lake kila alikokwenda.

Suluhisho lilipatikana katika CSS, lugha inayotawala sura ya kurasa za intaneti. Lugha hiyo iliongezewa sharti liitwalo prefers-color-scheme. Kivinjari cha Safari kililitambua katika toleo la 12.1, Machi 2019. Firefox kikafuata katika toleo la 67, Mei mwaka huo huo, na Chrome katika toleo la 76, Julai. Utendaji wake si mgumu. Kivinjari hupata chaguo la mtumiaji kutoka kwenye mfumo wa kompyuta au simu. Mwandishi wa tovuti naye huwa ameandika kanuni za rangi za namna mbili, za mwanga na za giza. Sharti likitimia, kanuni za giza hushika. Mtumiaji akibadili chaguo lake, ukurasa hubadilika pasipo kufunguliwa upya.

Jina la sharti hilo limejengwa juu ya kitenzi chenye maana ya kupendelea, wala si kuamuru. Kivinjari ni mjumbe tu: hufikisha ujumbe, lakini hakimlazimishi mwandishi kuutii. Tovuti isiyoandikiwa kanuni za giza hubaki kama ilivyokuwa.

Suala la maana limo katika majibu ambayo sharti hilo laweza kupata. Hapo awali yalikuwa matatu: mwanga, giza, na kutokuwa na upendeleo. Hilo la tatu liliondolewa baadaye, kwa kuwa vivinjari havikulitumia. Tangu hapo "mwanga" hubeba maana mbili: aliyechagua mwanga, na ambaye hakuchagua lolote. Jambo hili si geni katika lugha. Mtu huuliza, "Urefu wa kamba hii ni kiasi gani?" hata kama kamba yenyewe ni fupi, lakini akiuliza juu ya ufupi wake, amekwisha kudai kwamba ni fupi. Katika jozi kama hii neno moja hutumika pia pasipo dai lolote, ilhali la pili husema jambo mahususi. Hivyo ndivyo mwanga ulivyo mbele ya giza. Matokeo yake ni kwamba tovuti haiwezi kumpambanua aliyenyamaza na yule anayehitaji ukurasa mweupe kwa sababu maandishi meupe juu ya weusi humtia ukungu machoni.

Kusikia ujumbe, kadhalika, si sawa na kuujibu vema. Miongozo ya W3C ya mwaka 2008 kuhusu tovuti zinazofaa watu wote hutaka, katika daraja ya AA, uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 baina ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Buluu halisi ya kompyuta hupata takriban 8.6 kwa 1 juu ya nyeupe, lakini 2.4 tu juu ya nyeusi. Basi kamusi ambayo vidahizo vyake ni vya buluu hiyo itasomeka kwa taabu usuli ukigeuzwa kuwa mweusi huku rangi ya vidahizo ikiachwa ile ile. Mchoro wa wino mweusi usio na usuli wake wenyewe, kama vile mti wa sentensi, waweza kutoweka kabisa.

Kwa hiyo wanaotayarisha kamusi na matini za kusomwa katika intaneti hawana budi kuzijaribu rangi zao katika hali zote mbili. Yafaa pia waweke kitufe chenye machaguo matatu: mwanga, giza, na kuufuata mfumo. Kwa njia hiyo, msomaji ambaye ukimya wake umefasiriwa visivyo atapata mahali pa kusema.