Kupoteza haki kwa kosa: maana ya neno « forfeiture »

Wenye kusoma vitabu vya sheria katika Kiingereza wanakutana na neno forfeiture, nao wanalitafsiri upesi kwa neno la Kifaransa forfaiture, kwani yanafanana. Huo ni mtego. Yote mawili ni watoto wa mama mmoja, foris factum la Kilatini, ndiyo kusema jambo lililotendwa inje ya sheria. Lakini kila mtoto alishika njia yake. Kifaransa kilishika kosa lenyewe: sheria ya Ufaransa ya mwaka 1810 iliita forfaiture kosa kubwa la mtumishi wa serikali katika kazi yake, na jina hilo liliachwa katika sheria mpya ya 1994. Kiingereza kilishika hasara inayofuata kosa. Hasara hiyo, kwa Kifaransa, inaitwa déchéance. (Wacheza mpira wako karibu zaidi na Waingereza: kundi lisilofika uwanjani linapigwa forfait, linashindwa bila mpira kuguswa.)

Basi, kwa Kiswahili tuseme nini? « Kunyanganywa » hakufai: neno hili linaonyesha mkono wa mwenye nguvu, na wakristu watadhani mwenye kosa ni Askofu. « Kupoteza » peke yake hakutoshi: mtu anapoteza kisu njiani bila kosa lo lote. Mimi nasema « kupoteza haki kwa kosa lake mwenyewe ». Ni maneno mengi, lakini hayadanganyi.

Katika mafundisho wengi wanaleta mfano wa Esau. Haufai sana, maana Esau aliuza haki yake kwa chakula. Hayo ni mapatano. Mfano wa kweli ni Rubeni. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 5, chasema wazi kwamba alichafua kitanda cha baba yake, na haki ya mzaliwa wa kwanza ikapewa wana wa Yosefu. Hakuiuza, wala hakuibiwa.

Sheria ya Eklezia ya 1983 ina jambo la namna hiyo katika kanuni 194. Padri anayejaribu kufunga ndoa, hata mbele ya serikali tu, anaondolewa katika kazi yake na sheria yenyewe. Mkubwa wake hatoi adhabu mpya hapo. Anatangaza kwamba jambo limekwisha kuwa, na bila tangazo hilo hawezi kumlazimisha atoke.

Lakini Rubeni alibaki mwana wa Yakobo, na kabila lake likapata urithi ngambo ya Yordani. Hapa ndipo makatekista wasikie vizuri. Padri aliyepoteza hata hali ya ukleri hakupoteza upadrisho: kanuni 290 yasema kwamba daraja takatifu, ikiisha kupokewa kwa kweli, haibatiliki kamwe. Tena kanuni 976 yampa kila padri, hata asiye na ruhusa ya kuungamisha, uwezo wa kuwaondolea dhambi walio katika hatari ya kufa. Kama mgonjwa anakata roho kijijini, na padri wa namna hiyo anakaa nyumba ya pili, katekista asiogope maneno ya watu. Aende amwite.