Kibodi imekufa? Usiizike bado!

Kwa mafundi wa kompyuta kuna kibodi kibao zimerundikwa chini ya meza. Hii imemwagiwa chai, ile herufi tatu zimegoma. Wenye haraka wanatupa. Mjanja anaomba apewe bure.

Mwaka 1974 hata za kutupa zisingepatikana, maana serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo zimejaa, halafu tunazichoma moto!

Siri iko ndani. Fungua skrubu za nyuma. Utakuta plastiki laini zenye mistari, na pembeni kijibodi kidogo chenye meno. Mara nyingi kilichokufa ni plastiki. Kijibodi, yaani ubongo, kiko fiti.

Kibodi ya kawaida ina vitufe kama 104, lakini haina nyaya 104. Fikiria shamba la zile kabichi zinazoshuka Mombo kwenda Dar. Ukisema "tuta la tatu, mche wa tano", hakuna anayepotea. Ndivyo ubongo unavyofanya: mistari 8 ya kulala ikikatana na 18 ya kusimama, unapata makutano 144 kwa njia 26 tu.

Ramani ya shamba hilo haiuzwi dukani, unaichora mwenyewe. Chomeka kijibodi kwenye kompyuta ya zamani, fungua ukurasa wa kuandikia. Yape meno namba. Kwa kipande cha waya, gusisha jino la kundi moja na la kundi la pili. Ikitokea "k", andika kwenye jedwali. Isipotokea kitu, weka alama ya kuuliza, huenda ni Shift. Kompyuta ikizimika ghafla usikimbie, umegusa kitufe cha kuzimia! Ila pale unapoingia waya wa USB, usiguse kabisa.

Dili liko wapi? Chomelea nyaya kwenye meno mawili, funga swichi kubwa, na shule imepata kengele ya chemsha bongo. Ndugu ambaye vidole havimtii anabonyeza kwa kiwiko. Ukiweka swichi nyingi, zisishirikiane mistari: vitufe vitatu kwenye pembe za mstatili vinaweza kuzua cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Mzimu huo!

Karatasi, kalamu, waya na jioni moja ya subira. Kazi kwako, fundi!